Msugua Migongo wa Jecheon

Kwa miaka ishirini na minane Tak Geum-ok alijipatia riziki katika bafu la umma mjini Jecheon, akisugua watu migongo. Wanawake walikuja, wakajiloweka kwenye maji ya moto hadi ngozi ikalainika, kisha wakajilaza juu ya kitanda chake cha plastiki, naye akawatoa taka za wiki nzima. Alijua nani kajifungua kwa kisu, nani anapigwa na mumewe, nani anakonda kwa ugonjwa ambao hajawaambia wanawe. Majina hakuyajua sana. Mtu aliyelala kifudifudi haulizwi jina.

Mwezi wa kumi na moja mwenye bafu aliuza jengo. Likabomolewa, pakawa maegesho ya magari.

Siku za mwanzo Geum-ok aliendelea kuamka alfajiri, akachemsha maji, akavaa, akafika mlangoni, ndipo akakumbuka. Akaketi palepale na koti lake mwilini mpaka jua likapanda. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Mwanawe alikuwa Busan, na kila alipopiga simu alikuwa na haraka ya kukata. Asubuhi moja mtu wa posta alibisha hodi. Geum-ok akaitikia, sauti ikamtoka kama bawaba yenye kutu. Akahesabu: siku nne hakuwa ametamka neno.

Mwezi wa kwanza, kwenye baridi ya kukata masikio, alikuwa sokoni akichagua figili, mtu akamshika bega.

"Dada! Ni wewe? Nusura nisikutambue kwa sababu leo umevaa nguo!"

Wauza figili wakaangua kicheko. Alikuwa Pyo Jeong-rim, mteja wake wa kila Jumamosi, shemasi wa kanisa dogo nyuma ya soko.

"Mgongo wangu unakulilia, dada."

"Uache ulie. Mimi bafu sina."

"Basi Jumapili njoo kanisani. Tukimaliza ibada tunakula pamoja."

"Mimi na Mungu hatujuani."

"Na supu, mnajuana? Njoo kwa ajili ya supu. Mungu hana wivu nayo."

Akaenda. Aliketi benchi la nyuma kabisa. Nyimbo hakuzijua, lakini shingo na mabega yaliyokuwa mbele yake aliyajua: yule mwenye baka la kuzaliwa, yule aliyepinda uti. Wenyewe hawakumtambua. Alikula supu ya mwani, akaitikia salamu mbili tatu, akarudi nyumbani, akaikuta nyumba kimya kuliko alivyoiacha. Kumbe mpweke akionjeshwa watu, njaa yake huzidi. Alilala akiapa kwamba harudi tena.

Jumapili iliyofuata akarudi. Na nyingine. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na hilo hakuificha nafsi yake.

Ikafika Alhamisi kabla ya Pasaka. Jioni hiyo viti vilipangwa mduara, na mabeseni ya maji ya vuguvugu yakawekwa chini. Mchungaji Noh, kijana mwenye miwani, akaeleza kwamba watu wataoshana miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Jeong-rim akapiga magoti mbele ya Geum-ok.

Geum-ok akaivuta miguu chini ya kiti. "Inuka. Mimi ndiye ninayeosha watu. Mimi sioshwi."

"Hata Petro aligoma hivyo hivyo," mchungaji alisema kwa upole. "Akaambiwa asipooshwa, hana sehemu na Bwana."

Geum-ok aliirudisha miguu mbele. Kisha akavua soksi taratibu, akaona haya kwa visigino vyake vilivyopasuka. Jeong-rim akaanza.

"Unapapasa nini? Sugua!" Geum-ok alimkaripia, na watu wakacheka, naye akataka kucheka pia. Badala yake machozi yakamtoka. Katika miaka yote ile, baada ya kufunga bafu, mgongo wake alijisugua mwenyewe, na pale katikati mkono ulipokomea hapakuwahi kufikiwa na mtu.

Jeong-rim akachukua taulo. Alimkausha kidole kimoja kimoja.

Usiku ule, peke yake mbele ya bakuli la wali, Geum-ok alisali mara ya kwanza. Hakujua aanzeje. Alisema tu, "Baba, nipo huku. Bafu limevunjwa. Nichukue hivi nilivyo." Hakuna aliyemjibu. Friji lilinguruma, likanyamaza. Lakini alikuwa amesema kwa sauti, na alihisi amesikiwa.

Alibatizwa mwezi wa tano. Mwanawe hakufika; alituma ujumbe wa pongezi. Jioni ziliendelea kuwa ndefu, na zipo alizolia. Asubuhi ndizo zilizobadilika. Alimwuliza Jeong-rim kuhusu wazee wa kanisa wasioweza kutoka kitandani, akaandikiwa anwani tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya Bibi Ma Sun-deok, miaka tisini na mmoja, asiyeona vizuri. Mkwe wake akafungua mlango, akaenda kuchemsha maji. Geum-ok akakunja mikono ya blauzi, akamgeuza bibi polepole kiubavu.

"Mikono hii si ya mkwe wangu," bibi alisema. "Wewe nani?"

"Geum-ok, bibi. Wa kanisani."