Jina la Nyumbani

Warithi wa nyumba ile ya Shyampukur, Kolkata, walikuwa binamu wanne. Ndani ya miezi miwili watatu waliuawa kwa namna moja: mtu aliita mlangoni adhuhuri, jua likiwaka, aliyeitwa akatoka, akachomwa kisu. Wa tatu alikuwa mume wa Kadambini.

Kadambini aliketi sakafuni, mikono mitupu. Bangili zake za kombe, alama ya mke mwenye mume, zilivunjwa juzi, siku ya kuchoma maiti ya mumewe, na tangu hapo hakuna kilichomuuma. Mpelelezi Sanyal alimuuliza kama aliisikia sauti. Akasema aliisikia, ila ilizibwa kwa kitambaa.

"Iliita jina gani, mama?"

Alinyamaza. Nibaran, binamu aliyebaki, akadakia.

"Mwache shemeji, bwana. Mke hataji jina la mumewe. Na maji yakishamwagika hayazoleki."

Nibaran alikuwa ameonyesha tiketi za treni. Siku zote tatu za mauaji, alisema, alikuwa Kashi, mji mtakatifu wa mbali, akihiji.

Kadambini alijua. Nyumbani mumewe aliitwa Ponchu. Nibaran peke yake, tangu alipong'oka meno ya utotoni, alimwita Fonchu, na hata ukubwani hakuliacha, akalifanya utani. Siku ile Kadambini alikuwa akigeuza samaki kwenye mafuta ya haradali aliposikia, "Fonchu, njoo mara moja." Alinyamaza kwa sababu Nibaran alimwahidi vyumba vyake viwili, na mjane mwenye mtoto wa miaka saba angekwenda wapi?

Nibaran alimvuta mtoto, akampapasa nywele.

"Basi, Tuli, nyumba sasa ni yetu wawili, mimi na wewe. Kesho nitakupeleka mtoni ukaoge."

Wanne, wakawa watatu. Sasa wawili: Nibaran, na Tuli aliyerithi fungu la baba yake.

"Fonchu," alisema Kadambini. "Iliita Fonchu."

"Nani humwita hivyo?"

"Huyo aliyemshika mwanangu."

Nibaran alicheka kidogo, akasema shemeji amechanganyikiwa na msiba. Lakini mkono wake ulikuwa umeshatoka kichwani kwa mtoto. Askari wawili wakamtoa kwa mlango uleule.

Kadambini aliinuka akabandika wali, mlo mmoja wa mjane kwa siku, bila samaki. Akajaribu kulitamka jina lenyewe, Ponchu, polepole. Midomo haikukubali. Miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwahi kulitaja, na siku alipolitaja, alilitaja kwa kinywa cha aliyemuua.

Akamwita Tuli aje kula.