Mshenga Aliyeshinda

Gahongayire mwenyewe ndiye aliyempeleka kaka yake, Niyonzima, kule Masoro, kwa hiyo asitafute mchawi. Mwaka jana, kwenye posa ya binamu yao, Niyonzima alikuwa mshenga, akasahau jina la ukoo wa binti mbele ya watu mia mbili. Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Kwa mwanangu Rwema hapana, Gahongayire akaapa. Akasikia kuna maabara huko Masoro wanajaribu sindano ya kuongeza akili, akamburuta mzee wa watu kama mbuzi wa mnada.

Sindano sita tu, loo! Niyonzima akawa moto. Kitabu cha sheria akakimaliza asubuhi moja. Mafundi cherehani wa soko la Kimironko akawarekebishia vipimo kwa kuangalia kwa macho. Dada mtu akawa anatembea kifua mbele. Rwema alikuwa amempenda Umutoni miaka saba, na sasa nani wa kumnyima?

Lakini posa ya kwetu ina kanuni ambayo hata mtoto anaijua: mshenga wa mwanamume hashindi. Wenye binti wanazua visingizio, wewe unaomba radhi, unatoa kreti ya bia, watu wanacheka, binti analetwa. Basi!

Siku ya posa ikafika. Norman, mshenga wa kina Umutoni, akasimama na fimbo yake.

"Binti haolewi! Baba yake alikaa Ubelgiji miaka miwili mfululizo, akarudi mwezi wa tisa mwaka tisini na nane, akaapa hatatengana tena na damu yake!"

Watu wakacheka, wakasubiri bia.

"Umutoni amezaliwa mwezi wa pili, tisini na tisa," Niyonzima akajibu papo hapo. "Ni miezi mitano. Na mama yake ametuambia hapa hapa kwamba alizaliwa na kilo nne. Kwa hiyo si damu yake, na kiapo hakimhusu. Tupeni binti."

Akili nyingi huondoa maarifa, jamani. Baba mtu hakushtuka; alijua miaka yote, maskini, akameza. Asiyejua alikuwa Umutoni, aliyesimama mlangoni na umushanana wake, vazi la heshima la posa, akisubiri kuitwa. Akageuka, akajifungia ndani. Niyonzima bado alikuwa amesimama, anangoja jibu.

Wiki ya pili Umutoni akahamia Kampala. Simu hapokei. Rwema akaja kwa mama yake, macho mekundu, akamkuta mjomba sebuleni.

"Mjomba, wewe una akili kutushinda wote. Niambie nifanye nini arudi."

Gahongayire akakaza macho kwa kaka yake. Sema kitu, kaka, sema hata uongo!

"Hakuna," Niyonzima akasema. "Nimezitafuta njia zote tangu siku ile. Hakuna hata moja."

Rwema akamshukuru mjomba wake kwa adabu, akatoka bila kumtazama mama yake.