Mwenzake Murielle

Kila Jumamosi asubuhi, Mwalimu Wairimu aliwafundisha Kiswahili watoto wa wahamiaji katika ukumbi wa kanisa, Joubert Park. Wengi walizaliwa hapa hapa Johannesburg. Lugha ya wazazi waliielewa, ila walijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Kwa hiyo aliwakalisha wawili wawili wasemezane: mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi.

Siku hiyo Murielle, mtoto wa miaka saba, alikosa mwenza. Mwalimu akamwekea kiti kitupu mbele yake.

"Jifanye kuna mtu, mama. Msalimie, umuulize habari za kwao."

Murielle hakuwa amewahi kutamka sentensi nzima ya Kiswahili. Alikitazama kiti, akasalimu kwa sauti ndogo, akanyamaza kama anayesikiliza. Kisha akacheka.

"Aah, weye! Mi siko naogopa," akasema, kwa Kiswahili cha Uvira, mji wa wazazi wake kule Kongo, bila kukwama. "Unatokaka wapi?"

Watoto wengine wakaacha kuuziana, wakamgeukia. Wairimu akasogea karibu. Murielle aliuliza, akangoja, akaitikia. Alikuwa akijibu maswali ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia.

"Unaongea na nani, Murielle?"

"Na Agnès, Mwalimu. Anauliza juu ya nini mama alimuacha njiani."

Mlangoni mkoba ulianguka. Denise, mama yake, alikuwa amefika kumchukua, akitokea saluni anakosuka nywele.

"Nani alikuambia hilo jina?"

Agnès alikuwa mtoto wa kwanza wa Denise. Homa ilimuua walipokuwa wakikimbia vita, kabla Murielle hajazaliwa. Denise hakuwahi kumtaja nyumbani, hata siku moja.

Wairimu alidhani Denise atamshika binti yake mkono watoke. Badala yake Denise alipiga magoti mbele ya kiti.

"Sikukuacha, mwanangu," akasema huku akilia. "Nilikubeba mpaka ukakata roho. Tulikuzika mbio mbio, kwa mikono yetu. Unisamehe."

Murielle aliinamisha kichwa, akisikiliza.

"Anasema nini?" mama akanong'ona.

"Anasema amesikia." Akakitazama kiti tena. "Ameenda."

Tangu siku hiyo Murielle huzungumza Kiswahili na kila mtu, tena kama mtoto aliyekulia Uvira. Wairimu humsifu mbele ya wenzake. Lakini Murielle akimsalimia kutoka nyuma, mwalimu hageuki upesi; hana hakika ni mtoto yupi anayemsalimia.