Jaribio Jikoni kwa Milembe

Mwaka 1996 ghala la chama chetu cha ushirika, hapa Bariadi, lilikuwa tupu. Wanunuzi binafsi waliifuata pamba vijijini kwa malori yao, na mimi Josia, karani wa ghala kwa miaka kumi na minne, nikapunguzwa kazi kwa barua ya mistari mitatu. Ghala likakodishwa kwa yeyote mwenye shughuli: leo walokole, kesho wauza mitumba, na kila Jumamosi darasa la homeopathia. Nilijiandikisha kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na miguu ilishaizoea njia ile.

Mwalimu Domitila, nesi mstaafu, alifundisha bila kucheka. Kanuni ya kwanza, alisema, kinachomsumbua mtu mwenye afya ndicho kinachomtibu mgonjwa mwenye dalili zilezile. "Ukikata kitunguu macho yanafanyaje? Yanawasha, yanatoa machozi. Basi mwenye macho ya namna hiyo hupewa kitunguu." Ya pili, dawa iwe kidogo kabisa. Tone moja kwenye matone tisini na tisa ya maji, unaigonga chupa kiganjani, unachukua tone moja la hayo, unarudia, mpaka kitunguu chenyewe hakimo tena, imebaki nguvu yake tu. Hapo nilikohoa. Nimepima pamba maisha yangu yote na sijaona gunia tupu likizidi uzito. Ya tatu, si ugonjwa unaoutibu, ni mtu. Kwa hiyo unamuuliza mpaka achoke, anapenda nini, anaogopa nini, akiwa wapi anapata nafuu. Ya nne, usiamini maneno matupu: kila kitu kijaribiwe kwanza kwenye mwili wa mtu asiyeumwa.

Nyamizi, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Zagayu, aliketi mbele na kuandika kila neno. Siku ya kitunguu alinyoosha mkono.

"Mwalimu, macho yakiwa mekundu miaka mingi, bado ni kitunguu?"

Wenzangu waliinamia madaftari yao. Kwetu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu huanza kwa kuitwa mchawi, na mwisho wake ni panga. Mimi niliangalia dari. Tulijua kwamba anamsemea mama mkwe wake, Milembe.

Alimpa matone wiki tatu. Macho hayakubadilika. Mwalimu akasema azimue zaidi, akazimua, bado. Ndipo mtoto wa jirani yao Malimi akafa kwa homa. Malimi alikwenda kwa mganga, akarudi, akapita mlangoni kwa Milembe bila salamu. Wanawake wakaacha kwenda kuomba moto jikoni kwake. Kisha sungusungu, walinzi wa kijiji, wakapeleka ujumbe: Alhamisi bibi afike mbele ya mkutano.

Jumamosi kabla ya siku hiyo Nyamizi alilia darasani.

"Umemuuliza?" alisema Mwalimu.

"Nimuulize nini? Ni mkwe wangu, mwalimu. Namsalimia kwa magoti. Nitamuulizaje anaogopa nini?"

"Basi hujamtibu yeye. Umetibu macho."

Mwalimu akanituma niende naye, niandike majibu. Karani ni karani. Tulimkuta Milembe jikoni, kibanda cha udongo chenye mlango mmoja mfupi, anapikia samadi kavu, maana kuni zilikwisha zamani upande ule. Nilikaa kizingitini, na hata hapo kooni kulikereketa.

"Mwadila, mayu," Nyamizi alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama, amepiga magoti.

"Mwadila, mwanangu."

"Mayu, nisamehe, nimetumwa kuuliza. Macho yanauma zaidi ukiwa wapi?"

"Hapahapa jikoni."

"Na nafuu unaipata wapi?"

"Mkula, kwa binti yangu. Nikimaliza wiki mbili yanakuwa meupe."

"Kule unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Wanapikia mkaa, tena jikoni hawaniachi niingie."

Nyamizi alinitazama. Niliandika.

"Na unaogopa nini, mayu?"

Milembe alisogeza sufuria.

"Naogopa Alhamisi."

Alhamisi walikusanyika kwenye kituo cha kununulia pamba. Kamanda wa sungusungu, Limbu, mwanamume mwenye kifua na ndevu, alimwamuru Milembe anyanyue uso watu wayaone macho yake. Nyamizi akapiga magoti mbele yake.

"Kamanda, macho haya ni ya jiko. Naomba tujaribu kwa mtu mwenye afya. Tujaribu kwako. Upike sufuria moja ya michembe, viazi vikavu, kwa samadi, jikoni kwa mayu, mlango umerudishwa. Ikichemka macho yako yakiwa meupe, tufanyeni mnavyotaka, mimi na yeye."

Watu walicheka. "Mwanamume hapiki," alisema Malimi. Lakini nyuma mwanamke mmoja akasema, "Anaogopa moshi," na kicheko kikamgeukia kamanda. Ikabidi aende.

Tulisimama nje tukisikiliza. Alikohoa, akatukana, akakohoa tena. Maji hayajaanza hata kuimba, akatoka anapapasa ukuta. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya Milembe na machozi yamefika ndevuni. Malimi alimtazama usoni muda mrefu, kisha akakaa chini na kumlilia mtoto wake, nadhani kwa mara ya kwanza.

Milembe alileta maji kwenye bakuli.

"Nawa, baba. Ukizoea hayaumi sana. Mimi huu ni mwaka wa arobaini na mbili."

Jioni hiyohiyo mwanawe Luhaga, mume wa Nyamizi, alitoboa dirisha jikoni kwa jembe. Mwalimu Domitila aliposikia alisema hajui aipe kesi hiyo alama gani, kwa kuwa hakuna dawa iliyotumika. Mimi sikurudi darasani.

Nilikwenda kijijini kwetu, kwenye kaburi la shangazi yangu Nyanjige. Mwaka 1988 aliitiwa mkutano kama ule. Nilikuwepo, karani, mtu niliyesoma, na wazee waliniuliza macho ya shangazi yangu nayaonaje. Nikajibu ukweli, kwamba ni mekundu. Nilikula jikoni kwake tangu utotoni, nikitoka nje kila mara kufuta machozi. Hawakuniuliza anapikia nini, na mimi sikusema.