Leo Mama Reine Hagusi Mtu

Mke wangu Emérence anaogesha wazee wa Kiingereza. Hiyo ndiyo kazi yake, na mwenye kucheka acheke. Kila asubuhi anatoka kwetu Tottenham kabla jua halijaamua kama litatoka au halitatoka, anapanda basi, anaingia nyumba hadi nyumba: huyu amwogeshe, yule amvalishe, mwingine amwinue kitandani na kumbembeleza ale. Akirudi anakaa kwenye sofa na mikono ameiweka mapajani kama mizigo ya mtu mwingine. Ukimwomba chumvi anakutazama tu.

Basi binti yetu Reine, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila mdomo wake umekataa kukisema, alitukatia tiketi za kisiwa kimoja cha Ugiriki. Ndege, hoteli, na juu yake siku moja ya kupelekwa kwa mashua kwenye ufuo uliojificha, usiofikiwa na gari. "Just relax, Dad," akaniambia. "Mum needs quiet." Emérence alikubali kwa sharti moja, na alilitoa mbele ya watoto ili nisije nikaligeuza.

"Papa Reine, ile siku ya mashua, mi sitagusa muntu. Sitainua muntu, sitafunika muntu, sitapakala muntu mafuta. Hata weye."

Nikaapa. Mimi ni shemasi kanisani, nikiapa, nimeapa. Nikasema siku hiyo atakayeitaka mikono ya mke wangu atakutana na mimi kwanza.

Mashua ilitushusha asubuhi, mwenyewe akasema atarudi saa kumi, akaenda zake. Miwani yangu nilikuwa nimeificha ndani ya mfuko kwa kuogopa maji ya chumvi. Niliona mchanga, niliona maji ya buluu, na kule mbele chini ya mwamba nikaona watu wamekaa wametulia, wote wamevaa rangi moja ya waridi iliyopauka. Nikafurahi. Nikajua ni kikundi cha kanisa, maana hata sisi tukitoka matembezi tunashona sare.

Sasa, kwetu Bukavu mtu hafiki mahali penye watu akaenda kujilaza pembeni kama mbuzi mgonjwa. Unasalimia. Na husalimii kwa kupunga mkono kutoka mbali kama unafukuza nzi. Unapita mkono kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Nikamwacha Emérence anatandika mkeka, nikaenda.

Wa kwanza nilimpa mkono huku nimeinamisha kichwa kwa heshima. Hapo ndipo macho yangu yalipoona. Haikuwa sare. Ilikuwa ngozi.

Mngefanya nini? Nimeshamsalimia mmoja, kumruka wa pili ni kumtukana. Nikauinua uso wangu mbinguni, nikaendelea. Mikono yao niliitafuta kwa kupapasa hewani, nikimwomba Bwana aniongoze nisikosee, na kwa kweli aliniongoza. Wote wazee, wote Waingereza, wote wachangamfu kupita kiasi. Mmoja anayeitwa Allan hakuniachia mkono upesi. Akaniuliza jina, akaniuliza ninakaa wapi. Niliposema Tottenham akashangilia, maana yeye ni wa Woolwich. Akanisimulia habari za mabasi, za wajukuu, za goti lake, nami nikimsikiliza huku natazama mawingu, na mawingu yenyewe siku ile hayakuwepo.

Nilirudi kwenye mkeka jasho linanitiririka.

"Mama Reine, tuondoke. Bale batu habana nguo!"

Emérence akafungua jicho moja, akawatazama kama anavyotazama nyanya sokoni, akalifunga.

"Ni bazee tu. Hivi bintu naona kila siku, na kila siku ni miye nabavalisha. Leo bajivalishe benyewe."

Akageukia upande wa pili. Mimi nikafungua sanduku la plastiki tulilobebea chakula, nikala samaki wa kukaanga na kwanga, ule mkate wetu wa muhogo, huku nikiupa ufuo wote mgongo.

Jua lilipofika utosini nikasikia kelele. "Anselme! Anselme!" Ubaya wa kusalimia watu ndio huo, wanalijua jina lako. Allan alitaka kuinuka aende majini, goti likakataa, akajikuta amelala kwenye mchanga wa moto. Hakuumia, ila kuinuka ndiyo hakuna. Mwenzake alijaribu kumvuta, naye akabaki ameshika kiuno. Wengine walisimama wakitazamana, kila mmoja na nyonga yake ya bandia.

Mkeka ukatikisika. Emérence alikuwa ameshaketi. Macho yalikuwa bado yamejaa usingizi, lakini mikono ilikuwa imeanza kazi: kidole kwa kidole, inavaa glavu ambazo hazikuwepo. Nawaambia kweli, iliniuma. Iliniuma sana.

"Lala!" nikasema.

"Utamuvunja mukono, Papa Reine."

"Lala. Niliapa."

Nikabeba sanduku la chakula, nikachukua na kitenge, nikaenda. Msidhani nilikwenda kichwa kitupu. Kila Emérence akipewa mafunzo mapya kazini hujizoeza nyumbani, na mgonjwa ni mimi. Nimelazwa kwenye zulia la sebule yetu mara nyingi kuliko mlevi. Namna ya kumwinua mtu aliyeanguka naijua kwa magoti yangu mwenyewe.

Lakini kwanza kitenge. Kilikuwa kile cha jubilei ya kanisa, chenye picha ya Mchungaji Laurean anatabasamu. Kingine sikuwa nacho. Nikamfunga Allan kiunoni nimefumba macho, na nilipoyafumbua mchungaji wetu alikuwa ametulia juu ya makalio ya mzee wa Woolwich, anaibariki bahari. Mungu anisamehe, na mchungaji asijue.

"Geuka ubavu," nikamwambia kwa Kiingereza changu. "Sasa magoti na mikono, kama mtoto. Shika sanduku. Mguu mmoja mbele. Polepole, baba, hakuna basi la kuwahi." Akasukuma, nikamshika kiuno, mgongo wangu ukalia, tukapumzika, tukaanza tena. Nikajiuliza mke wangu hufanya hivi mara ngapi kabla sijaamka. Mwishowe Allan akasimama. Wenzake wakapiga makofi kwa nguvu, nami nikageukia baharini upesi, maana makofi yale yalitikisa mengi.

Nikashika njia ya kurudi, kumbe wananifuata. Msafara mzima, mikono wameinyoosha mbele: wanataka na wao kumsalimia mama, mmoja mmoja, kama nilivyowafanyia. Nikamtazama Emérence. Alikuwa amelala. Si kufumba macho. Usingizi wenyewe, mdomo wazi, anakoroma, viganja vimefunguka juu ya mchanga.

Nikageuka, nikasimama njiani, nikatanua mikono kuwazuia. Mimi, ambaye sijawahi kumpita mtu bila salamu.

"Leo hasalimiwi," nikanong'ona.

Wakaelewa. Wakarudi wakinyata, Allan wa mwisho, na Mchungaji Laurean akiniangalia na tabasamu lake mpaka kwenye mwamba. Nikakaa upande wa jua ili kivuli changu kimfike mke wangu usoni, na kila jua liliposogea nikasogea nalo, mpaka tuliposikia injini ya mashua.

Jumapili baada ya ibada, kina mama wakamzunguka Emérence penye chai. Wote ni wa kazi zilezile: huyu anaogesha wazee, yule anafagia maofisi usiku, mwingine anatandika vitanda vya hoteli.

"Mama Reine, tuambie. Kile kisiwa kiko namna gani? Na bahari yake?"

"Sijue," Emérence akasema. "Nililala."

"Usiku?"

"Muchana."

Mama Aristide akakiweka kikombe chake mezani.

"Na hakuna muntu alikuita?"

"Hakuna."

Habari za bahari hakuna aliyeziuliza tena.