Nyota ya Bluu Dirishani

Royce Tillman alikuja mjini kwetu Tacoma, Marekani, kumuua mwanangu Arvid. Mimi nikampa chumba cha juu na blanketi la ziada, kwa sababu alikuwa anakohoa.

Hakuniambia kilichomleta. Alisema tu kwamba walikuwa pamoja katika kambi ya Wajapani ya mateka wa vita kule Ufilipino.

"Arvid atarudi lini, Mama?" aliniuliza mlangoni, maji ya mvua yakimchuruzika kofiani.

"Hivi karibuni tu," nikamjibu. Ndivyo nilivyomjibu kila mtu kwa miaka miwili tangu vita viishe.

Alikuwa mpangaji mwema. Alitengeneza ngazi ya nyuma bila kuombwa, na kila asubuhi alinimiminia kahawa mimi kwanza. Lakini siku moja nilipokuwa nikimpangia mashati niliyoyapiga pasi, nilikuta bastola ndani ya soksi. Nilikaa kitandani pake kwa muda. Kisha nikairudisha, nikafunga droo.

Jumapili nilioka nyama na viazi, nikaweka sahani tatu. Ya tatu ilikuwa ya Arvid. Jumapili zote niliiweka. Royce alipoiona alipanda juu, akashuka amevaa koti.

"Koti mezani, mwanangu? Kwani paa langu linavuja?"

Hakucheka. Alikaa akiutazama mlango.

"Anakuja leo, siyo?"

"Royce, hiyo bastola iliyo mfukoni umemletea nani?"

Aliacha kuutazama mlango, akanigeukia.

"Mwanao. Tulikuwa wanne tuliopanga kutoroka. Arvid akatuchongea kwa walinzi, akapewa bakuli la wali na vidonge vya homa. Dell, mdogo wangu, walimpiga risasi mbele ya macho yangu. Miaka kumi na tisa, Mama."

Nilitaka kumwita mwongo. Lakini Arvid nilimzaa mimi. Akishikwa na homa alikuwa akinililia nimfanyie chochote, chochote kile, ipoe. Nikaamini.

"Nilikuja kwanza kuulizia kama yu hai," Royce akasema. "Nikaona nyota yako dirishani."

Wakati wa vita kila nyumba yenye mtoto jeshini ilitundika kitambaa chenye nyota ya bluu. Mtoto akifa, mama hushona ya dhahabu juu yake. Mtaani kwetu hakuna aliyedanganya katika jambo hilo, ila mimi. Yangu ilikuwa bado bluu.

Niliinuka, nikaitoa telegramu ya jeshi kutoka ndani ya Biblia. Ilisema meli iliyowabeba mateka, Arvid akiwemo, ilizama Desemba, mwaka wa arobaini na nne. Aliisoma mara mbili, midomo ikichezacheza.

"Lakini nyota…"

"Nilishindwa, mwanangu. Kitambaa cha dhahabu ninacho. Kila nikishika sindano naona ni mimi ninayemuua."

Akaitoa bastola, akaiweka kando ya bakuli la mchuzi, taratibu, kana kwamba ni yai.

"Sasa nimchukie nani, Mama?"

Nilimkatia nyama vipande vidogo, nikamwambia ale. Akala huku akilia, kamasi na machozi, nami nikampa kitambaa cha kujifutia kilichokuwa kando ya sahani ya Arvid. Kilikuwa safi, hakijatumika.

Alipomaliza akauliza, "Sindano iko wapi?"

"Ya nini?"

"Mama yangu naye alishindwa. Nyota ya Dell niliishona mimi."

Nikamletea kikapu cha ushonaji. Akaingiza uzi tunduni kwa mara moja. Mimi macho yangu yasingeweza. Tukakaa dirishani, yeye akashona dhahabu juu ya bluu, juu ya mtu aliyemuuza mdogo wake, nami nikashika pembe ya kitambaa kisikunjamane. Alishona polepole, mshono mdogo baada ya mshono mdogo, kama mtu anayeogopa kumchoma aliyelala.