Kidole cha Masizi

Mwalimu Gitari alikuwa na jozi mbili za soksi ndefu, na sijui kama alikuwa na kitu kingine cha kumsifia. Mwaka huo wa 1955 alitufundisha darasa la tatu, katika kijiji ambacho serikali ya kikoloni ilitusukumia juu kidogo ya Karurumo baada ya kuchoma nyumba zetu za shambani. Kila asubuhi hedimani Njura, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alipuliza filimbi, na mama zetu wakaenda kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Kazi hiyo tuliiita gitati. Haikuwa na malipo, wala hakuna aliyeulizwa kama anataka.

Shule ilikuwa hatua chache kutoka handakini. Siku moja Mwalimu aliletewa chati kuhusu haki za watu, kwa sababu bibi mmoja Mzungu angekuja kukagua. Akanakili ubaoni, nasi tukaimba nyuma yake: "Mtu yeyote asilazimishwe kufanya kazi kama mtumwa." Majembe yalisikika dirishani wakati wote. Yeye hakuyasikia. Alikuwa akisikiliza Kiswahili chake.

Shuleni kwetu kulikuwa na desturi. Kila Ijumaa mtoto alimfundisha mama yake somo la wiki, kisha mama akapaka kidole gumba masizi ya chungu na kukibonyeza kwenye daftari, ushahidi kwamba amefundishwa. Jumatatu Mwalimu aliweka alama nyekundu na sahihi yake yenye mkia mrefu. Kusoma alichotia sahihi aliona ni kazi ya watu wadogo.

Mama yangu, Wambeti, aliniambia nirudie sentensi ile mara tatu. Alibonyeza kidole, akageuza viazi jikoni.

Jumanne, kule handakini, alilaza jembe chini, akaisema sentensi ile kwa sauti.

"Hii maneno umetoa wapi?" Njura alimuuliza, askari wawili wakiwa nyuma yake.

"Shule. Uliza Mwalimu."

Mwalimu akaitwa, nasi tukatoka tukimfuata. Alimtazama mama, ambaye alikuwa amemlisha ndizi zetu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Mimi nafundisha usafi na hesabu," alisema. "Hiyo maneno imetoka msituni."

Kila mtu alijua maana yake. Aliyesemekana anaongea na wapiganaji wa msituni alipakiwa kwenye lori na kupelekwa kizuizini, kama baba yangu, ambaye hatukuwa tumemwona tena. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimchukia mtu yule pale pale, na bado namchukia, yeye na soksi zake.

Nilirudi darasani nikachukua daftari langu, nikampa Njura. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka akafika kwenye masizi na sahihi.

"Huyu mtoto ameiga mkono yangu," Mwalimu alisema.

Njura alikuwa mtu mbaya, lakini si mjinga. Aliamuru madaftari yote yaletwe. Yalikuwa thelathini na manane, kila moja na sentensi ile, kidole cha mama, na mkia mrefu wa Gitari. Njura aliyafungua moja moja, kisha akatazama handakini. Wanawake wote walikuwa wamesimama wakiegemea majembe, wakimngoja. Akiwapakia hao wote kwenye lori, handaki angelichimba nani? Yeye na tumbo lake?

Akazichana kurasa zile. "Mama arudi kazi," alisema. "Na wewe Mwalimu, ingia hapo. Mpaka Ijumaa."

Mwalimu alivua soksi kwanza, akazikunja vizuri, akazitia mfukoni. Kisha akashuka kando ya mama. Nilitaka mama amtemee mate. Badala yake alimsogeza mkono chini zaidi kwenye mpini, kwa sababu Mwalimu alikuwa amelishika jembe kama kalamu. Mpaka adhuhuri viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Mama Muthoni," alinong'ona, akimwita kwa jina langu, "tunaruhusiwa kupumzika saa ngapi?"

"Hiyo hukufundisha," mama alimjibu, akaendelea kuchimba.